Mtoto wa Pwani Anaporipoti Nyanda za Juu Mwezi wa Julai

Ndugu wazazi na walezi, wakubwa shikamooni, na wanafunzi mliofuatana na wazazi wenu, karibuni sana.

Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yameshatoka, fomu za kujiunga zimeshapakuliwa, na wengi mlioketi hapa mmekuta zimeandikwa Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya au Iringa. Wengine mna watoto wa madarasa ya chini ambao wako nyumbani kwa likizo ya Juni na wanarudi huko huko kwa muhula wa pili. Wote mtaripoti mwanzoni mwa Julai, yaani katikati ya kipupwe. Leo tutazungumzia baridi tu, kwa sababu mtoto asiyelala kwa baridi hasomi, na muhula huu hauna wiki za kupoteza. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, kidato cha nne Novemba. Mwanafunzi akiugua kifua Julai nzima, huo muda haurudi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Kwa hiyo usiku ambao hapa Dar es Salaam tunajifunika kanga tukiona kumepoa, nyuzi 19 au 20, kule ni 7 au 8. Makete nyuzi hushuka zaidi, na Kitulo, ambako kunazidi mita 2,600, asubuhi nyingine unakuta majani yamefunikwa na sakitu nyeupe, yaani umande ulioganda. Usiku wa kipupwe anga huwa wazi, na pasipo mawingu joto la ardhi lote linapanda na kupotea. Kisha hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana shule mbili za kata moja, moja mlimani na nyingine bondeni, hazina baridi sawa. Ukipiga simu shuleni kuuliza hali, uliza na hilo.

Jambo la pili ni saa. Njombe iko magharibi ya Dar, na Julai jua linachomoza huko karibu saa 1 asubuhi. Baridi hufika kilele muda mfupi kabla ya jua kutoka, saa 11 hadi saa 12 na nusu. Hiyo ndiyo saa kengele inagongwa, wanafunzi wanakwenda kuoga maji ya bomba, kisha wanasimama mstarini. Mzazi wa pwani akisikia baridi anawaza koti la mchana. Lakini mchana jua la kule linawaka vizuri na mtoto yuko darasani na wenzake 50. Baridi inayomuumiza inamwingia kwa njia mbili: kutoka chini ya godoro usiku, na kupitia nguo au mwili uliolowa alfajiri. Fedha yenu ianzie hapo. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23, basi ile mliyokuwa mmeitenga ielekezeni kwenye matandiko.

Tuanze na godoro. Vitanda vya mabweni vingi ni vya deka, na fomu nyingi zinataka godoro la futi 2 na nusu kwa 6. Upana na urefu fuateni fomu, msihangaike na jingine. Unene ndio unaowashinda watu. Godoro la inchi 4 ni bei nafuu, lakini mtoto wa kilo 55 akilala, pale penye nyonga na bega linabonyea mpaka linabaki jembamba kabisa. Kinachotunza joto ndani ya godoro ni hewa iliyonaswa kwenye sponji, na sponji iliyobonyea haina hewa. Chukueni inchi 6 kama kitanda cha juu kina ukingo wa kutosha, au 5. Dukani, lilaze sakafuni, piga goti moja juu yake kwa uzito wako wote. Goti likigusa sakafu, acha, nenda duka jingine.

Kosa ambalo tunaliona kila mwaka ni blanketi mbili nzuri kuwekwa zote juu. Baridi ya chini haizuiwi na blanketi ya juu. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kwenye mbao au wavu wa kitanda tandika boksi kubwa lililokunjuliwa, juu yake godoro, kisha blanketi moja, hata kuukuu, juu ya godoro, ndipo shuka. Mtoto anajifunika shuka la pili, blanketi zito, na kama lipo, jepesi juu yake. Kwa hiyo blanketi ni mbili kwa uchache, tatu kwa Makete. Blanketi la kujifunika liwe na upana wa futi 5 au zaidi, ili pembe zake zichomekwe chini ya godoro pande zote mbili na miguuni. Lisipochomekwa, kila akigeuka anafungua mlango wa upepo.

Ule mfuko wa nailoni ambao godoro linauzwa nao utolewe. Wazazi wanauacha ili godoro lisichafuke. Jasho la usiku haliwezi kupita kwenye nailoni, linageuka maji chini ya shuka, na mtoto anaamka mgongo umelowa. Nunueni foronya ya godoro ya kitambaa.

Na kila asubuhi yenye jua blanketi litolewe nje au litandazwe dirishani, hata kwa nusu saa. Blanketi lenye unyevu wa usiku uliopita halipashi joto.

Nguo za kulalia ziwe za kulalia tu. Truksuti moja kavu, fulana ya mikono mirefu, soksi nene jozi moja na kofia ya kufuma, vyote vikae kwenye mfuko wake ndani ya tranka, visivaliwe mchana hata siku moja. Mwanafunzi aliyecheza mpira jioni na truksuti ile ile akalala nayo, amelala na jasho lake. Jasho linapokauka mwilini linabeba joto, na maji kwa ujumla huondoa joto la mwili kwa kasi ya mara kama 25 ukilinganisha na hewa tulivu. Ndiyo sababu tunasisitiza ukavu kuliko unene.

Sasa nguo za mchana. Sweta la shule lina rangi na mshono wake, hilo halina mjadala, na shule nyingi haziruhusu jaketi la rangi nyingine mstarini. Joto linajengwa chini ya sare, ambako hakuna anayekagua. Fulana ya ndani inayobana mwili kidogo, shati, kisha sweta. Safu tatu nyepesi zinashinda sweta moja zito, kwa sababu kati ya safu na safu kuna hewa, na saa 5 jua likiwaka anavua moja bila kuvunja sheria. Kwa wasichana, taitsi nyeusi nzito au suruali ya kubana chini ya sketi, lakini someni fomu kwanza au mpigieni matroni, kwa maana shule hazifanani. Fulana ya ndani ya pamba ni nzuri mpaka ilowe. Ikilowa haikauki upesi. Pale Karume kwenye mitumba mtapata fulana na masweta ya sufu kwa bei ya chini, na sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Angalieni kibandiko cha shingoni. Ila mtoto ajue kwamba sufu haifuliwi kwa maji ya moto wala haikamuliwi kwa kusokotwa, itarudi imekuwa ya mdogo wake.

Idadi ninyi mnaijua, lakini ongezeni moja kwenye kila kinachogusa ngozi. Hapa shati likifuliwa saa 3 asubuhi, saa 6 limekauka. Kule Julai, kukiwa na ukungu, sweta linaweza kukaa kambani siku mbili. Mwenye mashati mawili atalivaa bichi siku ya Jumatatu. Hivyo mashati matatu, masweta mawili, soksi jozi sita, chupi saba au nane. Ufuaji uwe Jumamosi asubuhi na mapema, kamba ishikwe kabla ya saa 4. Sweta likishafuliwa lizungushwe ndani ya taulo kavu na kukanyagwa, taulo linanyonya maji mengi kabla hata ya kuanikwa. Taulo ziwe mbili kwa sababu hiyo.

Viatu vijaribiwe na soksi nene zenyewe, jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Pabaki nafasi ya kuchezesha vidole. Kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na kwenye baridi vidole hivyo huvimba, huwa vyekundu au vya zambarau, na huwasha sana usiku. Wanafunzi wa pwani hudhani ni fangasi na kupaka dawa ya fangasi. Dawa yake ni soksi kavu na kupasha mguu polepole. Asiuweke mguu huo karibu na moto wala kwenye maji ya moto, ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mtu kuhisi.

Kuhusu kuoga, tunasema wazi jambo ambalo wazazi wengine hawalipendi. Mtoto si lazima amwagie mwili mzima maji ya baridi saa 11 alfajiri. Shule ikiruhusu, aoge vizuri alasiri, saa 9 au 10, jua lingalipo, na asubuhi anawe uso, kwapa, sehemu za siri na miguu. Usafi unabaki ule ule. Akioga, ajifute, na ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo apake mafuta ya mgando, maana kipupwe cha kule ni kikavu. Losheni nyepesi tunazozitumia hapa hazitoshi. Kisigino kisichopakwa kinapasuka mpaka damu, midomo vilevile, na kuilamba midomo kunaongeza. Kopo la gramu 250 halitafika Desemba, mpeni mawili.

Tunaingia sasa kwenye afya, na hapa tunaomba simu zizimwe.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, sikoseli. Katika ukumbi huu wapo wazazi wenye watoto hao. Baridi ya ghafla kwenye ngozi hubana mishipa midogo ya damu, chembe nyekundu zinakwama, maumivu makali yanaanza. Kuna na jambo la pili lisilosemwa mara nyingi: kwenye mita 2,000 oksijeni ya kila pumzi imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hapa baharini, na chembe za sikoseli hujikunja zaidi oksijeni inapopungua. Kwa hiyo kabla hamjanunua hata kijiko, mpelekeni mtoto kliniki yake na fomu ya shule mkononi. Daktari akiona hafai kwenda, mwombeni barua, na maombi ya kubadilishiwa shule yafanywe mapema yakiwa na barua hiyo. Msisubiri alazwe kwanza.

Akiruhusiwa kwenda, aende na dawa zake za muhula mzima kama alivyoandikiwa, iwe foliki asidi au haidroksiyurea, na utaratibu wa kliniki ya huko uwe umeshajulikana. Aende na chupa ya maji ya lita 1, ajue lazima iishe angalau mara mbili kwa siku. Kwenye baridi kiu haiji, na damu iliyokosa maji inakwama upesi. Mkuu wa shule, matroni au patroni na mwalimu wa darasa kila mmoja apewe nakala ya barua inayotaja dalili za kumkimbiza hospitali usiku huo huo: homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, kichwa kuuma vibaya, upande mmoja wa mwili kulegea, na kwa wavulana, uume kusimama kwa maumivu bila kushuka. Hii ya mwisho vijana huificha kwa aibu. Mwambieni nyumbani, kwa lugha ya wazi, kwamba asikae nayo mpaka asubuhi. Barua iseme pia kwamba mtoto huyu asioge maji ya baridi alfajiri, ili asije akaonekana mvivu.

Mwenye pumu aende na inhela mbili, moja mfukoni kwake na moja kwa matroni, zote zikiwa zimeangaliwa tarehe ya mwisho. Hewa baridi na kavu hubana njia za pumzi, na vumbi la kipupwe linaongezea. Asubuhi akitoka nje afunike pua na mdomo kwa skafu, hewa inapata joto kidogo badala ya kumpiga ikiwa barafu. Kukimbia mchakamchaka saa 11 kwa mtoto wa pumu ni suala la kuzungumza na mwalimu wa michezo siku ile ile ya kuripoti.

Malaria nayo mnasafiri nayo bila kujua. Mbu wake ni wachache huko juu, lakini vimelea vikishaingia kwenye damu hapa Dar, Tanga au Mtwara vinapanda basi pamoja na mtoto. Homa huja wiki moja au mbili baadaye, wakati mwingine mwezi. Mtoto anatetemeka, wenzake wote wanatetemeka kwa baridi, naye anaambiwa ni mafua. Afundishwe kusema sentensi moja akifika zahanati: "Nimetoka pwani tarehe fulani, naomba nipimwe malaria." Na neti asiiache nyumbani. Atarudi nayo Desemba, wakati mbu wa huku wanamsubiri.

Lililobaki katika afya linapita haraka: nakala ya kadi ya bima, namba mbili za simu za wazazi zinazopatikana, dawa zote, isipokuwa inhela ya mfukoni, zikabidhiwe kwa anayehusika na wanafunzi, zisifichwe kwenye tranka.

Tunakuja kwenye jiko la mkaa. Hili linawahusu hasa wazazi ambao watoto wao wanasoma shule za kutwa na wamepangishiwa chumba, yale mageto. Mwanafunzi anapika ugali saa 1 usiku, baridi imekaza, mkaa bado mwekundu, anaona hasara kuumwaga. Anaingiza jiko ndani, anafunga dirisha, anaziba chini ya mlango kwa nguo, analala. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashika kwenye damu mahali pa oksijeni na haiachii upesi. Moshi ungemwamsha mtu, hii inamzidishia usingizi. Makaa yaliyofunikwa majivu, yanayoonekana yamezimika, yanaendelea kuitoa kwa saa nyingi. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kumlinda aliyelala.

Kanuni ni moja, haina mazingira maalumu: jiko linapikiwa nje au barazani, na usiku linabaki nje. Dalili mzijue na watoto wazijue: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu, na mara nyingi wote waliomo chumbani wanaanza pamoja. Ukiingia ukakuta hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje aliyemo, usibaki ndani kutafuta chanzo. Kisha hospitali, hata kama amezinduka na anasema yuko sawa. Geto lenye umeme lina hatari zake pia. Hita ya koili ya kuchemshia maji isiingizwe kwenye ndoo ya bati, na mkono usijaribu maji kabla plagi haijachomolewa. Kwenye mabweni mengi hita hizo haziruhusiwi kabisa, msimpe.

Wengine wanauliza kuhusu chupa ya maji ya moto ya kulala nayo. Chupa ya soda haifai. Maji yanayochemka huilegeza plastiki, kifuniko kinaachia, na mtoto anaungua akiwa usingizini. Ile ya mpira inayouzwa madukani ya dawa inafaa, ijazwe theluthi mbili, hewa itolewe kabla ya kufunga, ivishwe soksi.

Chakula tusikipite kimya kimya. Mwili unaotetemeka unachoma chakula. Wenye watoto wa shule za kutwa wanaokaa kwa ndugu kule juu, mwambieni ndugu yenu asimtoe mtoto asubuhi na chai ya rangi peke yake kwa safari ya saa nzima kwa miguu. Viazi mviringo vya kuchemsha na parachichi vipo, ni vya bei ndogo Njombe kuliko mahali popote hapa mjini. Na pale kamati ya shule inapoomba mchango wa uji, msiuone mkubwa: unga gramu 50 kwa siku, kwa siku kama 95 za muhula, haufiki kilo 5 kwa mtoto.

Mwisho ni safari. Njombe ni zaidi ya kilomita 700. Mabasi yanaondoka Mbezi, mengine usiku, na mtoto anapanda amevaa fulana kwa sababu hapa kuna joto. Tranka lake, lenye sweta, blanketi na soksi, linawekwa kwenye buti. Basi likishamaliza mlima wa Kitonga joto linaanza kushuka, Mafinga dirisha limeloa, na Makambako, mji wa upepo, anashuka saa 9 usiku kubadilisha gari akiwa na fulana ile ile. Begi la mkononi liwe na sweta, soksi, kofia, kitenge au blanketi jepesi, maji, dawa zake zote na nakala ya fomu. Bora zaidi, mchague basi linalofika mchana.

Akishafika, wiki mbili za kwanza mpigieni kupitia simu ya matroni au patroni. Ukimwuliza "hujambo?" atakwambia hajambo. Muulize anaamka usiku mara ngapi kwa baridi, blanketi la chini lipo au limeazimwa, na shati alilovaa leo asubuhi lilikuwa kavu. Majibu hayo yatakuonyesha cha kutuma kwa basi lijalo.

Tunapokea maswali. Wazazi wenye watoto wa sikoseli na pumu tunaomba muanze, na mje mbele na fomu zenu ili tuandike barua za shule hapa hapa kabla hamjaondoka.